Chumba cha Kukimbilia

Upepo ulioezua kijiji cha Mwanhale ulikuja mchana kweupe, katika majuma yale ambayo kila mwenye jembe yuko shambani anapanda pamba. Nyamizi alikuwa ametangulia kurudi nyumbani kwa ajili ya mama mkwe wake, bibi Anyes, ambaye miguu ilikuwa imemkataa na hakuweza kujisogeza bila mtu wa kumshika kwapa. Alimkuta amekaa kivulini kwenye ngozi ya ng'ombe, akamwinua, akamwingiza jikoni, kibanda cha mviringo cha fito na udongo kilichoezekwa nyasi. Alipotoka kuanua mtama wake, aliona anga ya upande wa Ngulyati imekuwa na rangi ya chungu kilichopikiwa miaka mingi, na kuku wote wamekwisha kujificha.

Kwenye kinjia kati ya nyumba yake na ya jirani yake Klementina kulikuwa na mtoto anacheza peke yake. Alikuwa Lucy, binti wa kwanza wa Klementina, ambaye hata shule alikuwa bado hajaanza. Mama yake alikuwa shambani. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka, makubwa, ya baridi.

"Lucy," Nyamizi aliita, "njoo uingie ndani, utalowa."

Mtoto akaja mbio huku anacheka. Nyamizi akamwingiza kwenye nyumba kubwa, ile ya tofali na bati, kwa sababu jikoni kulikuwa na moshi. Akamwambia akae kitandani atulie, akavuta mlango, akarudi kwenye mtama.

Hakuufikia. Upepo ulishuka kama lori lililokatika breki. Ulimtupa chini kando ya jiwe la kusagia, na pale alipolala, shavu likiwa kwenye tope, aliona paa la nyumba yake linainuka lote kwa pamoja, mbao na bati, jinsi mtu anavyovua kofia, likapita juu yake bila kumgusa. Kuta zilibaki zimesimama kwa muda wa kumeza mate. Halafu ukuta wa upande wa upepo ukalalia ndani.

Kilichofuata Nyamizi hakuwahi kukisimulia kwa mpangilio. Alikumbuka mvua ya mawe mgongoni, alikumbuka kuchimbua kwa mikono, na alikumbuka sauti ya bibi Anyes ikiita kutoka jikoni, ambako nyasi zilikuwa zimechanika upande mmoja lakini fito zilipinda zikarudi mahali pake. Watu walipofika kutoka mashambani walimkuta amempakata mtoto, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

Nyumba nyingi zilianguka siku ile. Watu walivunjika mikono, wengine walipasuka vichwa, mbuzi walikufa zizini, zahanati ikabaki maboma. Lakini aliyezikwa alikuwa mmoja, naye ni Lucy.

Msibani hakuna aliyemnyooshea Nyamizi kidole. Joakim, baba wa mtoto, alisema mbele ya watu wote kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Wanawake waliokaa naye kwenye mkeka walimwambia lile lile, mmoja baada ya mwingine: mama yeyote angefanya kama alivyofanya, mvua ikija mtoto anaingizwa ndani. Walisema ili kumtuliza. Yeye kila alipolisikia, alizidi kuogopa. Maana ilikuwa kweli. Kila mama wa Mwanhale angefanya vile vile, na angefanya tena kesho.

Klementina alimpa Nyamizi mkono wakati wa kuagana, mkono uliolegea kama kitambaa, akatazama pembeni.

Tangu siku ile Nyamizi hakuweza kukaa kwenye chumba chenye kuta za tofali. Mume wake, Luhende, aliokota bati zilizokunjika kutoka mashamba ya watu, akazinyoosha kwa nyundo, akaezeka chumba kilichosalia, akaweka na mawe juu ya paa. Alikuwa mtu wa kazi, asiyejua kukaa na huzuni bila kuishughulisha mikono. Chumba kilipokuwa tayari, alimwita mkewe aingize vitu. Nyamizi aliingiza vitu, akamlaza binti yao Nancy, ambaye siku ya upepo alikuwa shambani na baba yake, kisha akatoka akaenda kulala jikoni kwa mama mkwe, chini ya nyasi. Luhende alidhani ni msiba, akavumilia. Lakini siku zilizidi kwenda, na mwanamume ambaye mke wake hataki kuingia kwenye nyumba aliyoijenga huanza kuona kwamba jirani wanamhesabia kosa. Maneno yakapungua kati yao.

Bibi Anyes alimpigia tu kiganja kwenye ngozi yake kumpa nafasi.

Msaada ulikuja kwa awamu. Kwanza maturubai na mahindi, kisha, baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, lori lilileta saruji, nondo, misumari na bati mpya zinazong'aa, baadhi kutoka wilayani, baadhi kutoka makanisani. Vyote vikafungiwa kwenye ghala la chama cha pamba. Mtendaji wa kijiji, kijana wa Kinyakyusa aitwaye Lusajo, aliitisha mkutano mkuu, na watu wakaja kwa wingi kuliko siku ya uchaguzi, maana kila mmoja alikuwa amekwisha kupiga hesabu kichwani ya bati zitakazomwangukia.

Lusajo alikuwa bado mgeni Mwanhale. Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu, tena alizichanganya, akasema mwangaluka, salamu ya asubuhi, wakati wa jioni, na watoto wakamcheka. Siku hiyo hakuanza na msaada. Alianza kwa kuwaeleza habari za kwao. Alisema mama yake alikuwa na nyumba bondeni, mto ukaibeba. Wakaletewa vifaa, wakajenga upesi, pale pale na vile vile, wakashukuru. Mto ukarudi. Mara ya pili hawakuletewa kitu, kwa sababu waliowasaidia walikuwa wamekwisha kwenda kwa wengine. Alisema hakuwa anajua dawa ya upepo, ila alikuwa amekaa na fundi Mihayo, na anaomba asikilizwe mpaka mwisho.

Mihayo, fundi aliyejenga nusu ya nyumba za kata ile, alisimama akiwa na kofia mkononi. Alieleza kwamba vifaa vile vikigawanywa, kila kaya itapata bati za kufunika chumba, na misumari, na saruji ya kupakaza tu. Kuta zitabaki za tofali mbichi na tope. "Na bati juu ya ukuta wa tope, bila kufungwa chini, ni tiara ya watoto," alisema. "Linasubiri upepo tu."

Ndipo Lusajo akatoa shauri lake. Vifaa visigawanywe. Kila kitongoji kijengewe chumba kimoja kikubwa, cha tofali za kuchoma, chenye lenta ya zege kuzunguka kuta zote na paa lililofungwa kwa nondo. Siku za kawaida watoto wadogo wasomee humo darasa la awali. Siku ya upepo, watu wote wakimbilie humo.

Mkutano ulichafuka. Wengine walisema mtendaji amekwisha kuziuza bati, anatafuta maneno ya kufunikia. Wengine walisema darasa ni kazi ya serikali. Luhende aliomba nafasi, na alizungumza vizuri, bila kelele, kwa hiyo watu walimsikiliza kuliko waliotangulia. Alisema hakatai kwamba chumba imara ni kizuri. Lakini mtoto wake analala chini ya bati lenye matundu leo, si siku upepo utakapokuja. Mvua inanyesha kila siku, upepo kama ule hata wazee hawaukumbuki. Akasema pia kwamba mwanamume anayewaezekea jirani zake kabla ya watoto wake huonekana mwema mkutanoni na mpumbavu nyumbani. Watu wakapiga makofi.

Nyamizi alikuwa amekaa upande wa wanawake, nyuma. Hakuwa amewahi kuzungumza kwenye mkutano wa kijiji, na hakuwa amepanga kuzungumza siku ile. Alijikuta tu amesimama. Mwenyekiti akasita, maana mke kusimama baada ya mumewe ni jambo linalotazamwa, kisha akamruhusu. Makofi yakazimika. Wote walijua ni nani.

"Baba Nancy amesema kweli," alianza, na sauti yake ilikuwa ndogo hata watu wa mbele wakageuka. "Watoto wetu wanalowa. Lakini mnanifahamu. Mimi nilimwita mtoto wa mwenzangu aingie ndani. Nyote mliniambia kwamba hata ninyi mngemwita. Sasa nawauliza, tukisikia upepo kesho, tutawaita watoto waende wapi? Maana mimi sijui. Nikimwona mtoto kwenye mvua sasa hivi, nanyamaza. Sijui kama nimwite au nimwache."

Akakaa. Ng'ombe wakapita kwenda lamboni kunywa maji.

Isidhaniwe kwamba walikubaliana. Mabishano yalirudi, jua likaanza kushuka, na mwisho mwenyekiti aliamua kila kitongoji kijiamulie fungu lake. Vitongoji vingine viligawana bati jioni ile ile, na zikaonekana zinang'aa vichwani mwa watu njia nzima. Kitongoji cha kina Nyamizi, kinachoitwa Kilimani, kilipiga kura ya kunyoosha mikono. Waliotaka chumba walizidi kidogo sana. Mkono wa Luhende haukunyooka. Mkono wa Klementina ulinyooka, na yeye mwenyewe alikuwa anaangalia chini.

Nyumbani Luhende hakumgombeza mkewe. Alisema neno moja tu, akiwa anafunga ndama: "Ungeniambia kwanza." Nyamizi aliona ana haki, na hakujua amweleze vipi kwamba yeye mwenyewe hakujua mpaka alipokuwa amesimama. Siku zilizofuata Luhende alianza kufyatua tofali zake mwenyewe, mbichi, kwa udongo wa kichuguu, akapandisha upya ukuta ulioanguka wa nyumba yake peke yake, na mahali pa kazi ya kitongoji hakukanyaga.

Kazi ya chumba ilikwenda kwa kuburuta miguu. Ulikuwa msimu wa palizi, na mtu mwenye ekari za pamba ukimwomba aje abebe mawe anakuambia atakuja kesho. Mihayo alichimba msingi mrefu hadi akapita udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, akafika kwenye mchanga mgumu. Watu walilalamika kwamba anachimba kisima. Alijibu kwamba nyumba nyingi za pale zilianza kuangukia chini kabla upepo haujazigusa juu, akaendelea kuchimba.

Wanawake walibeba maji kutoka lamboni. Nyamizi alikuwa anafika mapema, na karibu kila siku alimkuta Klementina amekwisha kumimina ndoo yake ya kwanza. Walisalimiana kwa adabu, mhola, mhola duhu, kila mmoja akashika njia yake. Kitu kimoja kilimuuma Nyamizi. Zamani wote walimwita jirani yake Mama Lucy. Baada ya msiba watu walianza kuogopa lile jina, wakawa wanamwita Klementina, au wanamwita mayu tu, yaani mama bila jina, au hawamwiti. Siku moja, walipokuwa wanatwishana ndoo na mikono yote imeshughulika, ulimi wa Nyamizi uliteleza: "Mama Lucy, shika hapa." Klementina alishika pale alipoonyeshwa, akainua ndoo hadi ikakaa sawa kichwani pa mwenzake.

"Usiache kuniita hivyo," alisema. "Wenzako wameniua mara ya pili."

Baada ya hapo walikwenda lamboni pamoja. Hawakuongea sana. Waliongea habari za palizi, za wadudu wa pamba, za miguu ya bibi Anyes.

Siku ya kumwaga lenta Mihayo alitangaza mapema kwamba anahitaji kila mkono, kwa sababu zege halilali. Ukilianza asubuhi lazima ulimalize. Ukiliacha nusu hadi kesho, pale lilipoungana ndipo litakapokatikia. Asubuhi ile waliokuja walikuwa wachache, na kufikia saa nne ilionekana wazi kwamba hawatafika mwisho. Mihayo alikuwa ameanza kunung'unika wakati Luhende alipotokea na koleo begani. Alivua shati, akaingia kwenye lundo la kokoto na mchanga, akaanza kuchanganya, akafanya kazi ya watu wawili mpaka ndoo ya mwisho ikapandishwa juu jua likizama. Nyamizi alimletea maji ya kunawa. Alinawa, akaitazama ile lenta iliyolowa ikizunguka kuta zote kama mkanda kiunoni, akasema Mihayo ameinyoosha vizuri. Hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyomwambia mkewe kwa wiki kadhaa.

Nondo fupi ziliachwa zimechomoza kwenye zege, na kenchi za kubebea paa zilipopandishwa Mihayo alikunja nondo hizo juu ya mbao akazifunga kwa waya mpaka ukivuta paa unavuta na ukuta. Paa alilishusha pande zote nne, bila kibaraza kirefu, ili upepo usipate pa kushika. Madirisha yakawekwa mbao nzito zenye komeo la ndani. Hakikuwa chumba cha kupendeza. Watu wa vitongoji vingine walipopita walisema kinafanana na ghala la wafungwa.

Lusajo hakuridhika na jengo peke yake. Alitaka watu wafanye zoezi, na hapo kidogo wamkimbie. Mtu mzima kukimbia mchana bila kufukuzwa na kitu lilikuwa jambo la kuchekesha. Lakini kamanda wa walinzi wa kijiji, sungusungu, ambaye kwake filimbi ni filimbi, alikubali kupiga filimbi ndefu tatu kama ishara, tofauti na ile ya wizi wa ng'ombe. Zoezi la kwanza lilikuwa vurugu. Wanaume walikwenda kufungua mazizi kwanza, wanawake walirudi kuchukua masufuria, na kina mama wawili walipishana wakitafuta watoto wao ambao walikuwa wamekwisha kufika. Bibi Anyes alibebwa juu ya kitanda, akawa anacheka njia nzima, akisema wajukuu wamechoka naye hata wanajizoeza kumzika.

Lusajo alikuwa amesema ng'ombe waachwe. Kamanda akamweleza taratibu kwamba akisema hivyo hatakuja mwanamume hata mmoja. Basi wakapanga kwamba kila zizi liwe na mlango wa fito unaosukumwa kwa teke moja, ng'ombe watoke wenyewe, na mtu aendelee kukimbia. Wakapanga nani anambeba nani. Mara ya pili walikwenda vizuri zaidi. Mara ya tatu wengi hawakuja, wakasema wameshajua.

Katika yote hayo Nyamizi alikuwa hajaingia ndani. Alibeba maji ya kujengea, alibeba bibi hadi mlangoni na kumkabidhi kwa waliomo, alisimama dirishani akifundisha watoto wanyamaze. Lakini tangu paa lilipowekwa hakuwa amevuka kizingiti, na kwa kuwa kila mara kulikuwa na kazi ya kufanya nje, hakuna aliyegundua. Au alidhani hakuna aliyegundua.

Upepo ulirudi mvua za masika zilipokaza, Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani na wengi wanakula. Anga ilikuwa nyeusi upande ule ule. Kamanda wa sungusungu alikuwa na tonge mkononi alipotazama juu, na walisema baadaye kwamba alilitupa akashika filimbi. Filimbi ndefu tatu, na tena tatu.

Luhende na Nyamizi walikishika kitanda cha bibi huku na huku, Nancy akatangulia na wenzake. Njiani Luhende aliupiga teke mlango wa zizi bila kusimama. Vumbi lilikuwa limeanza kuinuka, na mbele yao, pande zote za mteremko, watu wa Kilimani walikuwa wanakimbia kuelekea mahali pamoja. Hakuna aliyekuwa anacheka. Walipofika mlangoni watu walipokea kitanda, Luhende akaingia nacho, na Nyamizi akabaki.

Aliona kuta. Aliona watoto wamebanana kwenye kona ile ile ambayo yeye mwenyewe aliwaonyesha siku ya mazoezi, macho yote mlangoni. Aliwaza, kwa utulivu wa ajabu, kwamba angeweza kulala chini nje kama mara ile, na upepo ungempita juu. Nyuma yake mawe ya barafu yalianza kugonga bati.

Klementina ndiye aliyetoka kwenye kundi la wanawake. Alimshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu.

"Ingia, Mama Nancy," alimwambia. "Watoto wanakutazama wewe. Usipoingia na wao watatoka."

Akaingia. Luhende akasukuma mlango kwa bega, wanaume wawili wakaweka komeo, na giza likawafunika. Kisha upepo ulifika. Uligonga ukuta wa upande wa Ngulyati, wote wakausikia ukitafuta pa kuingilia, madirishani, mlangoni, chini ya bati. Paa lilipiga kelele kama gunia la misumari linalotikiswa. Zile nondo zililia. Mtu mmoja alianza sala, wengine wakaitikia kwa sauti ambazo hazikusikika. Nyamizi alikaa chini katikati ya watoto, akawakumbatia waliomfikia mikononi, na alijua bila kutazama kwamba mgongo uliogusana na wake ni wa Klementina. Alikuwa anangoja paa liinuke. Aliendelea kulingoja hata baada ya kelele kupungua, hata baada ya mtu kufungua dirisha na mwanga kuingia, na ndipo akaona bibi Anyes amelala kitandani macho juu, anakagua mbao za paa moja moja kama mnunuzi.

Walipotoka, Kilimani haikuwa na sura. Nyumba aliyoijenga Luhende ilikuwa imelala chali, bati zake hazikuonekana. Alisimama mbele yake kwa muda, akainua tofali moja lililolowa, likavunjika mkononi kama mkate. Ng'ombe walikuwa wametapakaa bondeni, wengine wakaja kupatikana mbali. Watu walihesabiana kwa kuitana majina, na majina yote yakaitikia.

Hawakushangilia. Kabla ya jioni ilisikika kwamba kitongoji cha jirani, kimoja cha vile vilivyogawana bati, kimepata msiba: mzee Ferdinand, mwalimu mstaafu, ambaye aliingia ndani na kufunga mlango kama anavyofanya kila mtu mvua ikija. Nyamizi alikwenda msibani siku ya pili akiwa na debe la mahindi. Wanawake wa huko walimkaribisha kwenye mkeka, na mmoja wao, akiwa na uchungu, alisema, "Ninyi wa Kilimani mlikuwa na akili." Nyamizi alimwambia si akili. Alimwambia kwamba watoto wa pale walikuwa wanalowa, na mtu ambaye mtoto wake analowa huchukua bati akipewa. "Hata kwetu, waliotaka chumba walizidi kwa mikono michache tu," alisema. Mwanamke yule akalia, na Nyamizi akakaa naye mpaka alasiri.

Msaada wa mara ya pili haukuja. Kulikuwa na mafuriko kwingine, na magari yalikwenda huko. Lusajo aliandika barua, akasafiri hadi wilayani Bariadi zaidi ya mara moja, akarudi na ahadi. Watu wa Kilimani walilala kwenye chumba chao hadi mavuno, familia kwa familia, wakigombana kuhusu moshi na watoto wanaokojoa, na darasa la awali likafanyikia chini ya turubai nje. Mihayo alipata kazi kuliko alivyoweza kuifanya. Wengi walimwomba awafundishe kufunga kenchi tu, maana saruji hawana, naye akawaonyesha jinsi ya kufukia magogo ardhini pembeni mwa kuta na kuteremsha waya kutoka kwenye paa. Tofali za kuchoma zilileta shida nyingine. Tanuru linakula miti, na miti iliyobaki upande wa upepo ilikuwa michache. Kitongoji kikakatazana kukata upande ule. Wengine walikata.

Pamba ilipokwisha kuuzwa, Klementina na Joakim walihama. Joakim alikuwa na ndugu zake Sola, huko Maswa, na huko kulikuwa na shamba. Asubuhi ya kuondoka vitu vilipakiwa kwenye mkokoteni wa maksai, na Nyamizi aliwasindikiza mpaka barabara kubwa. Wanawake wawili walibaki nyuma kidogo ya mkokoteni.

Nyamizi alikuwa amekaa na swali moja miezi yote ile, na aliona kwamba asipolisema pale hatalisema tena. Aliuliza kama mwenzake anahama kwa sababu yake.

Klementina alisema hajawahi kumlaumu, hata siku ile yenyewe, na hilo Nyamizi aliliamini. Alisema pia kwamba alitaka chumba kile kijengwe kuliko mtu yeyote, na amefurahi kukaa ndani yake. "Lakini nikikuona wewe, namwona anakimbia kuja kwako," alisema. "Anacheka. Ulinieleza mwenyewe kwamba alikuwa anacheka. Nimechoka kuiona hiyo kila asubuhi nikifungua mlango. Huko Sola nitaiona mara moja moja, nitaweza."

Nyamizi aliitikia kwa kichwa. Walishikana mikono, na mkono wa Klementina safari hii ulikuwa na uzito, ukabana, ukaachia. Kisha aliharakisha kuufuata mkokoteni, na Nyamizi alisimama kando ya barabara mpaka vumbi lao likachanganyika na la basi la Maswa.

Alirudi nyumbani kwa njia ya mashamba, kati ya mabua ya pamba yaliyosubiri kung'olewa na kuchomwa. Luhende alikuwa kwenye kiwanja chao, ndani ya shimo la msingi lililomfika magotini, jasho linamtiririka. Alikuwa ameupita udongo mweusi. Alimwuliza kama wamekwisha kuondoka, na aliposikia wameondoka akaegemea jembe.

Kisha akamwuliza mlango auweke upande gani. Nyamizi akasema upande wa jikoni, ili bibi aonekane. Luhende akaangalia huku na huku, akapima kwa macho, akasema itabidi wausogeze kidogo usielekee upepo. Nyamizi akavua viatu, akashuka shimoni kumtolea udongo.